Leseni ya dalali wa nyumba Marekani: nani anaitoa, na nani anamsimamia anayeitoa

Mtu anayetafuta nyumba ya kununua Houston, Dallas au Fort Worth, mara tu mazungumzo yake na dalali yanapoanza kugusa nyumba fulani, anapaswa kukabidhiwa karatasi ambayo maneno yake hayakutungwa na dalali huyo wala na kampuni yake. Yametungwa na serikali ya jimbo la Texas. Sehemu ya juu inaeleza dalali anawajibika kwa nani: akimwakilisha muuzaji, maslahi ya muuzaji yanatangulia, akimwakilisha mnunuzi, maslahi ya mnunuzi yanatangulia. Sehemu ya chini ina mistari ya kujaza, na mpangilio wake una maana kubwa. Kwanza linaandikwa jina la kampuni na namba ya leseni yake. Anafuata dalali anayewajibika kwa niaba ya kampuni, kisha msimamizi wa wakala kama yupo, na mwisho kabisa ndipo linapokuja jina la yule kijana aliyevaa suti na kukaa mbele yako mezani, naye akiwa na namba yake ya leseni. Chini ya majina hayo kuna nafasi ndogo ambapo mteja anatia herufi za mwanzo za jina lake na tarehe.

Watu wengi hutia herufi zao na kugeuza ukurasa. Katika jamii zetu za Waswahili walioko Texas, yaani Wakongomani, Wakenya, Watanzania na Warundi ambao wengi wao wananunua nyumba ya kwanza maishani, naamini ukurasa huo unastahili kusomwa polepole kuliko karatasi nyingi zinazoufuata. Ngazi ile ya majina inaonyesha mfumo mzima wa leseni ulivyojengwa, nami nitauelezea kuanzia hapo, kwa sababu ndani yake kuna swali moja ambalo limeisumbua Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja: serikali inapowakabidhi watu wa kazi fulani kazi ya kujisimamia wenyewe, nani anamlinda mteja dhidi ya hao wasimamizi?

Tuanze na ngazi. Katika majimbo mengi leseni ziko za aina mbili. Ya chini ni ya mtu ninayeweza kumwita wakala, ambaye anaruhusiwa kuonyesha nyumba, kuandaa ofa na kujadiliana bei, lakini haruhusiwi kufanya kazi peke yake. Ya juu ni ya dalali kamili, ambaye anaweza kufungua ofisi, kuajiri mawakala na kubeba dhamana ya makosa yao. Wakala wa Texas hawezi kutumia leseni yake mpaka dalali mmoja akubali kumdhamini, na kamisheni ya nyumba aliyoiuza hulipwa kwa dalali huyo, kisha dalali ndiye anayempa wakala fungu lake. Ili apate leseni ya chini, mtu anasoma masomo ya saa 180, anafanya mtihani na kuchukuliwa alama za vidole ili historia yake ya jinai ikaguliwe. Kuipata ya juu kunahitaji masomo mengine mengi pamoja na uzoefu wa miaka minne ya kazi ndani ya mitano iliyotangulia. Kwa hiyo wakala akikosea, mteja halazimiki kuhangaika na wakala pekee. Juu yake yupo mtu ambaye sheria inamhesabu kuwa mwenye jukumu la kusimamia kazi ile.

Hakuna leseni ya taifa ya udalali wa nyumba nchini Marekani. Katiba ya nchi hiyo, kupitia Marekebisho yake ya Kumi, inayaachia majimbo mamlaka yote ambayo haikuyakabidhi kwa serikali ya shirikisho, na mojawapo ni mamlaka ya kulinda afya, usalama na ustawi wa wakazi. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu, katika kesi ya tabibu mmoja wa West Virginia, ilikubali kwamba jimbo linaweza kumzuia mtu kufanya kazi ya utabibu mpaka athibitishe sifa zake, na msingi huo ndio uliobeba leseni za kazi nyingine zilizofuata. Leo majimbo yote 50 pamoja na mji mkuu wa Washington yanataka leseni ya udalali wa nyumba, kila moja kwa masharti yake. Texas inadai saa 180 za masomo, Florida saa 63, Michigan saa 40. Mtu ana haki ya kuuliza iwapo tofauti hiyo kubwa inatokana kweli na mahitaji ya wanunuzi, maana hati ya nyumba, mkopo wa nyumba na mkataba wa mauzo vinafanana sana katika majimbo hayo matatu. Mimi sijaona maelezo ya kuridhisha. Zaidi ya hapo, leseni inaishia mpakani. Dalali wa Cincinnati, upande wa Ohio, akivuka daraja la mto na kuingia Covington, ambayo iko Kentucky, leseni yake ya Ohio haimpi ruhusa ya kuuza nyumba huko, ingawa maghorofa ya mji mmoja yanaonekana kutoka mji wa pili. Arizona ilikuwa ya kwanza kupitisha, mwaka 2019, sheria pana ya kutambua leseni za kazi mbalimbali za watu wanaohamia kutoka majimbo mengine, na majimbo kadhaa yamefuata njia hiyo kwa viwango tofauti.

Historia inaonyesha kitu ambacho msomaji anaweza asikitarajie. Sheria ya leseni haikuletwa na wanunuzi waliodhulumiwa walioandamana hadi bungeni. California ilipopitisha sheria ya kwanza ya aina hii mwaka 1917, waliokuwa mstari wa mbele kuidai ni vyama vya madalali wenyewe. Mahakama iliitengua sheria hiyo, bunge la jimbo likaipitisha upya mwaka 1919 baada ya kuirekebisha, na safari hii ikasimama. Madalali hao walikuwa na sababu ya kweli: matapeli waliokuwa wakiuza viwanja hewa walikuwa wanaharibu jina la kila mtu aliyefanya kazi hiyo kwa uaminifu. Walikuwa pia na sababu ya pili, ambayo haikutangazwa kwa sauti hiyohiyo, kwamba mlango ukiwa na bawabu, wanaoingia ni wachache na walioko ndani hupata zaidi. Sababu hizi mbili zimeishi pamoja ndani ya sheria hizi tangu siku ya kwanza. Anayesimulia moja tu kati yake, iwe ni chama cha madalali au mwanauchumi anayepinga leseni zote, anamnyima msikilizaji nusu ya habari.

Sasa, nani hasa anayekaa kwenye kiti cha usimamizi? Majimbo yamejibu kwa namna tofauti. California haina bodi. Ina idara ya serikali chini ya kamishna anayeteuliwa na gavana. Florida ina tume ya watu 7, na 5 kati yao ni wenye leseni, huku 2 wakiwa wananchi wasiofanya kazi hiyo. Tume ya Texas, iliyoundwa mwaka 1949, ina wajumbe 9: madalali 6 na wawakilishi wa umma 3. Wote huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na Seneti ya jimbo. Hesabu hiyo ya 6 kwa 3 ina uzito wake, maana ina maana kwamba wajumbe wote wakiwepo, hakuna kura inayoweza kupita pasipo baadhi ya madalali kuikubali, wakati kura ya madalali inaweza kupita hata wawakilishi wote wa umma wakiikataa. Hoja ya kuwapa madalali wingi huo ni ya kueleweka: anayejua namna dalali mjanja anavyoficha kasoro ya msingi wa nyumba ni dalali mwenzake. Lakini ujuzi huohuo umekaa ndani ya mtu ambaye kesho anarudi ofisini kwake kushindana na wale aliowatungia kanuni jana.

Kabla ya kufika kwenye ubaya, ni haki kueleza kazi nzuri ambayo vyombo hivi hufanya, maana ipo na inawagusa watu wa kawaida. Kubwa kuliko zote ni ulinzi wa fedha za mteja. Mnunuzi anapotia saini mkataba hutoa arubuni, ambayo inaweza kuwa maelfu ya dola, kabla ya nyumba kuwa yake. Katika mkataba wa kawaida wa Texas, fedha hizo hupelekwa ndani ya siku 3 kwa mtu wa tatu anayezitunza, mara nyingi kampuni ya hati, yaani inayohakiki hati za umiliki wa nyumba, na si kwenye mfuko wa dalali wala wa muuzaji. Dalali anayeshika fedha za mteja katika jimbo lolote lazima aziweke kwenye akaunti ya amana iliyotengwa. Kuzichanganya na fedha za ofisi, hata kwa siku mbili, hata kama alikusudia kuzirudisha na akazirudisha kweli, ni kosa linaloweza kumgharimu leseni. Kila ninapoisoma kanuni hiyo namkumbuka dalali aliyenionyesha chumba Sinza, Dar es Salaam, miaka mingi iliyopita. Alipokea kodi ya mwezi mmoja mkononi kama udalali wake, pamoja na kodi ya miezi sita ya mwenye nyumba, na siku ya tatu simu yake haikupatikana tena. Nilijua jina lake la kwanza tu. Sikuwa na namba ya kuitaja popote, na kwake hakukuwa na mtu wa juu yake.

Pale ambapo leseni ipo, dhuluma hutokea pia, ila kuna njia ya kuifuata. Mteja anaweza kupeleka malalamiko bila wakili. Chombo kinachunguza na kinaweza kumtoza dalali faini, kumsimamisha au kumfutia leseni. Majimbo mengi yana pia mfuko wa fidia unaochangiwa na wenye leseni. Mfuko huo hueleweka vibaya, kwa hiyo nitausimulia hatua kwa hatua kwa mfano wa Texas. Mteja aliyetapeliwa hawezi kwenda moja kwa moja kwenye mfuko. Kwanza anamshtaki dalali mahakamani na kushinda. Kisha anajaribu kumdai, na ikithibitika kwamba dalali hana mali ya kulipia, ndipo anaomba mfuko umlipe. Kiwango cha juu ni dola 50,000 kwa muamala mmoja na dola 100,000 kwa makosa yote ya mwenye leseni mmoja. Maana yake ni kwamba dalali mmoja akiwadhulumu watu 10, na kila mmoja akapoteza dola 40,000, wote kwa pamoja watagawana dola 100,000. California inaruhusu dola 50,000 kwa muamala na dola 250,000 kwa mwenye leseni mmoja. Ni fidia ya kweli, ingawa ina dari.

Sharti linalowahusu zaidi watu wetu ni hili: mfuko hulipa tu pale ambapo aliyetenda kosa alikuwa na leseni wakati alipolitenda, au alikuwa akimfanyia kazi mwenye leseni. Katika kila mji wenye wahamiaji yupo ndugu anayejua Kiingereza vizuri, mwenye gari na simu nyingi, anayewasaidia wageni kupata nyumba na kupokea bahasha ya shukrani. Wengi wao ni watu wema. Hata hivyo, mtu akisaidia kuuza, kununua au kupangisha nyumba ya mwingine kwa malipo, sheria ya Texas inaihesabu hiyo kuwa kazi ya udalali, na kuifanya bila leseni ni kosa la jinai. Asipolipwa alivyoahidiwa hawezi kudai kamisheni mahakamani. Dalali mwenye leseni akimlipa fedha kwa kumletea mteja, dalali huyo naye amevunja sheria. Na mteja akipoteza arubuni yake mikononi mwa ndugu huyo, mfuko wa fidia haumtambui. Nasema haya bila kumlaumu anayesaidia, ila mtu aliyetoroka vita Kivu, akakaa kambini Nyarugusu miaka kumi na tano na kuweka akiba dola kwa dola katika kiwanda cha nyama, anastahili kujua ni mkono upi una kinga na upi hauna.

Vipi kuhusu wahamiaji wenyewe kuipata leseni? Uraia si sharti katika majimbo haya mawili ninayoyataja. Texas inamkubali raia au mgeni aliyeruhusiwa kisheria kuwa nchini, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kwa wasio na hati, sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 ilizuia majimbo kuwapa leseni za kazi isipokuwa jimbo lenyewe lipitishe sheria mahususi ya kuruhusu, na California ilifanya hivyo mwaka 2014, ikavielekeza vyombo vyake vya leseni kukubali namba ya mlipakodi badala ya namba ya hifadhi ya jamii.

Kuna jambo lingine linalochanganya watu, nalo ni neno Realtor. Hilo ni alama ya biashara ya chama binafsi cha kitaifa kilichoanzishwa Chicago mwaka 1908, na anayelitumia ni mwanachama wake. Mtu anaweza kuwa na leseni halali bila kuwa mwanachama. Chama kina kanuni zake za maadili na adhabu zake, lakini leseni ni mali ya jimbo. Tofauti hii ilionekana wazi mwaka 2024, chama hicho kilipokubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za wauzaji wa nyumba kuhusu namna kamisheni za mawakala wa wanunuzi zilivyokuwa zikipangwa. Hakuna bodi ya leseni iliyokuwa mshtakiwa katika mapatano hayo. Na anayedhani kwamba watu wa kazi wakiachiwa kujiandikia maadili watayaandika vema daima, asome kifungu ambacho chama hicho kilikiweka katika kanuni zake mwaka 1924, kilichomkataza mwanachama kuingiza katika mtaa watu wa rangi au taifa ambao kuwepo kwao kungeonekana kushusha thamani ya nyumba. Kwa miaka mingi, kwa watu weusi wa Marekani, kuwa mwanachama mwadilifu kulimaanisha kuwafungia mlango. Sheria iliyokataza ubaguzi katika makazi nchi nzima ilitoka Bunge la Marekani mwaka 1968, na haikutoka ndani ya kazi yenyewe.

Hapo ndipo tunarudi kwenye lile swali la wasimamizi. Kisa cha Kentucky kinaliweka mezani vizuri. Dalali anayemwakilisha mnunuzi anaweza kuamua kumrudishia mteja wake sehemu ya kamisheni, tuseme dola 1,500, nyumba inaponunuliwa. Kwa familia inayohangaikia gharama za kukamilisha ununuzi, hizo ni fedha za kuhamisha vyombo na kununua jokofu. Tume ya udalali ya Kentucky, ambayo wajumbe wake wengi walikuwa madalali, ilikuwa na kanuni inayokataza marejesho hayo. Machi 2005 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki tume hiyo chini ya sheria za ushindani wa biashara, ikisema kwamba kanuni hiyo inawazuia madalali kushindana kwa bei, na tume ikakubali kuiacha mwaka huohuo. Hebu tazama nani alipata faida kutokana na marufuku ile. Mnunuzi hakulindwa dhidi ya chochote. Aliyelindwa ni dalali asiyetaka kupunguza bei yake.

Miaka 10 baadaye jambo hilo lilifika Mahakama ya Juu kupitia kazi tofauti kabisa, ya meno. Bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina ilikuwa na wajumbe 8, na 6 kati yao walikuwa madaktari wa meno wanaoendelea na kazi. Watu wasio madaktari walipoanza kutoa huduma ya kung'arisha meno kwa bei nafuu katika maduka na saluni, bodi iliwaandikia barua zisizopungua 47 za kuwaamuru waache. Tume ya Shirikisho ya Biashara iliishtaki bodi, nayo bodi ikajitetea kwamba yenyewe ni chombo cha jimbo na kwamba, tangu hukumu ya mwaka 1943, matendo ya jimbo hayaguswi na sheria za ushindani. Februari 2015 majaji 6 dhidi ya 3 waliukataa utetezi huo. Walisema kwamba bodi inayodhibitiwa na washindani wa soko lilelile inalolisimamia haiwezi kujifunika blanketi la jimbo mpaka jimbo lenyewe liwe linaisimamia kwa vitendo: awepo mtu wa serikali, asiyeshindana katika soko hilo, mwenye mamlaka ya kupitia uamuzi wa bodi, kuupima kwa undani wake na kuukataa au kuubadilisha.

Hukumu hiyo ilizishtua bodi za kila aina, za wathamini, vinyozi, wahandisi na madalali. Louisiana ilionyesha kwamba kivuli chake ni kirefu. Bodi ya wathamini wa nyumba ya jimbo hilo ilikuwa ikizilazimisha kampuni zinazowatafutia mabenki wathamini kulipa viwango fulani, ikieleza kwamba inatekeleza sheria ya shirikisho ya mwaka 2010 iliyotaka wathamini walipwe malipo ya kawaida na ya haki. Mwaka 2017 Tume ya Shirikisho ya Biashara iliishtaki kwa kupanga bei. Gavana akatoa amri ya kuweka usimamizi wa serikali juu ya kanuni ya bodi, kesi ikazunguka mahakamani kwa miaka, na mwaka 2022 bodi ikakubali mapatano ya kuacha kupanga bei hizo. Ninaielewa hofu ya wathamini wale, maana mthamini anayelipwa kidogo mno anaharakisha kazi, na thamani isiyo sahihi ni hatari kwa mkopaji na kwa benki. Lakini kilio cha haki cha wafanyakazi kuhusu ujira kinapogeuzwa kuwa amri ya chombo cha dola na watu haohao wanaolipwa, mteja amebaki bila mwamuzi.

Majimbo yalianza kujenga ngazi ya juu zaidi ya bodi. Texas, mwaka 2019, iliunda kitengo ndani ya ofisi ya gavana cha kupitia kanuni zinazoathiri ushindani, pale zinapopendekezwa na vyombo vya leseni vinavyodhibitiwa na watu wa soko husika. Ni hatua nzuri, ingawa haigusi kila kitu. Marufuku ya marejesho ya kamisheni ambayo Kentucky iliiacha bado yapo katika baadhi ya majimbo kwa sababu huko yameandikwa na bunge lenyewe katika sheria, na sheria iliyotungwa na bunge la jimbo haiangushwi na sheria za ushindani kwa njia ile. Katazo ni lilelile na hasara ya mnunuzi ni ileile. Kilichobadilika ni mkono ulioliandika.

Nisiache pia kusema kwamba mgongano wa fani unaweza kutatuliwa kwa namna inayomnufaisha mwananchi. Mwaka 1961 mahakama ya Arizona iliamua kwamba dalali akijaza mkataba wa mauzo anafanya kazi ya uwakili bila ruhusa. Madalali wakakusanya saini, na mwaka 1962 wapigakura wakaibadilisha katiba ya jimbo ili kuwaruhusu. Texas ilichukua njia ya utulivu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo bora. Mkataba wa kawaida wa kununua nyumba hauandikwi na dalali wala wakili wa upande mmoja. Unaandaliwa na kamati ya watu 13, yaani 6 walioteuliwa na tume ya udalali, 6 walioteuliwa na rais wa chama cha mawakili cha jimbo, na mmoja wa umma aliyeteuliwa na gavana. Wakala analazimika kutumia fomu hiyo, akijaza nafasi zilizoachwa wazi tu. Ndiyo maana mnunuzi wa Houston na wa mji mdogo zaidi wa Amarillo wanatia saini maneno yaleyale, na ndiyo maana mtu akiyaelewa mara moja, au akimpata anayeyafafanua vizuri kwa Kiswahili, anaweza kumsaidia jirani yake.

Afrika Mashariki mjadala huu haujawa mgeni kabisa. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili; Tanzania ilitunga mwaka 2016 sheria ya uthamini na usajili wa wathamini. Panapozungumzwa kuwasajili madalali wa nyumba wa mitaani, wale wenye vibao vya chaki pembeni mwa barabara, hoja husikika kama vile bodi ikishaundwa kazi imekwisha. Kisa cha Marekani kinaonyesha kwamba swali la pili ni zito kuliko la kwanza: viti vya bodi vigawanywe vipi, na nani anapitia maamuzi yake kabla hayajawa amri.

Kwa aliye Texas leo, namba zile zilizo chini ya karatasi ya mwanzo zinaweza kutafutwa bure katika tovuti ya tume kwa dakika moja. Zitaonyesha iwapo leseni iko hai, inaisha lini, na dalali gani anamdhamini wakala huyo. Jina la mdhamini lililoko kwenye tovuti linapaswa kufanana na lililoandikwa kwenye karatasi. Na vile viti 3 vya umma vina sharti kwamba mjumbe wala mwenzi wake wa ndoa asiwe na leseni ya kazi hiyo. Mikutano ya tume iko wazi kwa yeyote, na kanuni mpya huchapishwa katika gazeti rasmi la jimbo kabla ya kupitishwa, kukiwa na muda wa wananchi kutoa maoni kwa maandishi. Kwa kawaida wanaoandika ni madalali na vyama vyao. Hakuna kinachomzuia mpangaji wa Fort Worth au mnunuzi wa Houston kuandika naye.